Jenereta Kati Yangu na Baba Mkwe

Tangu niolewe, baba mkwe wangu na mimi tulikuwa hatujawahi kutazamana usoni. Hatukuwa na ugomvi. Ni mila ya upande wa mume wangu, Wanyakyusa wa Tukuyu: mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawasemeshani, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayepisha. Anaingia migombani, anageuza uso, anasubiri mzee apite ndipo arudi njiani. Wengi wa siku hizi wameiacha. Wanapiga hata picha na wakwe zao harusini, mkono begani. Mzee wangu hakuwa mtu wa kuacha kitu alichokikuta.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa karibu na Tosamaganga. Kwetu mkwe unampigia goti, unamwambia kamwene, naye anakujibu kamwene, na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Neno ndilo hilo hilo, asubuhi na jioni, kwa mkubwa na kwa mdogo. Nilipoambiwa kwamba huyu sitamsalimia kabisa mpaka mmoja wetu aondoke duniani, niliona ni vichekesho. Lakini nilikuwa bibi harusi, nikanyamaza. Tukienda kwao, mzee akiwa na kiu na mimi nipo jikoni, alikuwa anauuliza ukuta ni nani atakayempa maji humu ndani. Nilimimina maji, nikayaweka juu ya kigoda, nikatoka kwa mlango wa nyuma, ndipo alipokuja kuyachukua. Mume wangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Alisema mila imetuokoa sote, maana kwa mdomo nilio nao ningekuwa nimeshagombana na baba yake zamani.

Mdomo ninao, sikatai. Watani huku wanatuambia Wahehe kwamba hasira zetu ziko karibu kama kiberiti mfukoni. Waseme tu. Siku ninayotaka kuieleza, kiberiti hicho kilifaa.

Tunaishi Soweto, hapa Mbeya mjini. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu upande wa Chunya, kule wanakochimba kwa sururu, kamba na maombi. Shimo wanaliita duara, ingawa nilipoliona kwa macho yangu lilikuwa la pembe nne kama kaburi lililosahau kuishia. Wanashuka kwa kamba ya winchi, na wakifika chini wanachimba kwenda pembeni wakifuata mwamba wenye mali. Kuta wanazizuia kwa magogo. Alikuwa anakaa huko wiki kadhaa, anarudi nyumbani na vumbi masikioni, analala siku nzima, halafu anaanza kutafuta sababu ya kuondoka tena.

Simu ilinikuta nashona sare za kwaya. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha nchi nzima ya huku kwetu. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa machimbo, mtu niliyemjua kwa sauti tu. Alinisalimia kwanza, akaniuliza habari za watoto, na kwa jinsi alivyokuwa anazunguka nikajua. Nilimwambia aseme. Akasema duara limetitia, mume wangu yumo ndani na mwenzake mmoja, na watu wanajitahidi. Niliacha kola moja ikiwa imeshikizwa kwa pini upande mmoja. Pini nyingine nilikuja kuzigundua kifuani mwangu, kwenye gauni, nikiwa tayari nimefika Chunya.

Huyo mwenzake alikuwa Mbena wa upande wa Njombe, kijana mpole ambaye alikuwa anakula kwetu kila walipokuja mjini. Alikuwa na utaratibu wa kuniuliza kwanza kama watoto wameshakula ndipo anawe mikono. Nilimpenda kama mdogo wangu.

Kwenye machimbo kulikuwa na kamba imefungwa kuzunguka eneo la maduara, na wanawake tulipaswa kubaki nje yake. Wanaamini mwanamke akisogea mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Nilipita chini ya kamba ile bila kumwuliza mtu. Mmoja akaniita, nikamwambia dhahabu ikikimbia atanikamata mimi. Hakuna aliyenifuata.

Nilichokiona ni tope. Duara lao lilikuwa halipo, limejaa udongo na magogo yaliyovunjika, na wanaume wachache walikuwa wanachota kwa ndoo kwa uangalifu, maana kila walichotoa kilirudi kingine kutoka pembeni. Kijiko, ule mtambo mkubwa wa kuchimbia, kililetwa kikasimamishwa mbali. Kikisogea, uzito wake ungeangusha kilichobaki. Kazi ya kweli ilikuwa kwenye duara la jirani. Huko wanaume walikuwa wameshuka mpaka chini, wakawa wanatoboa kwa mkono kuelekea upande ambao walidhani wenzao wamekwama. Duara hilo la jirani lilikuwa linajaa maji. Jenereta moja kubwa, imewekwa juu ya mbao chini ya bati, ilikuwa inaendesha pampu ya kuyatoa, na pia mashine ya kupuliza hewa kwenye mpira mweusi ulioingia ndani ya kifusi kule walikofukiwa. Mpira ulikuwepo tangu kabla ya ajali. Hakuna aliyejua kama mwisho wake bado uko wazi au umezibwa.

Nilimwuliza fundi wa pampu, mtu mzima mwenye koti la mvua lililochanika, itakuwaje jenereta ikizimika. Alinijibu akiwa anatazama geji yake. "Hii maji inapita huku na kule, mama, chini imeungana. Nikizima inapanda kwetu, na kama jamaa wako kwenye njia ya pembeni, inapanda na kwao. Ikipanda imekwisha hiyo."

Niliyashika maneno hayo kama mtoto anavyoshika alichotumwa dukani. Nilikaa juu ya gunia la mchanga karibu na jenereta, nikawa naisikiliza. Ilikuwa inakohoa, inatulia, inaendelea. Kila ilipokohoa nilinyanyuka, ikitulia nikakaa tena.

Kesho yake watu walianza kubadilika. Nilikiona kwanza kwenye maneno. Siku ya ajali walikuwa wanasema tunawatoa jamaa. Sasa nikasikia mmoja anasema tutawapata, mwingine akasema bora familia wapate cha kuzika. Turubai likaja, likasimamishwa upande wa barabara. Vikaja viti vya plastiki, vikapangwa kwa mistari. Mama mmoja akawasha moto na kubandika sufuria kubwa. Walikuwa wanafanya wema, na mimi nilikuwa nawachukia kwa wema wao kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote aliyenifanyia ubaya.

Ndipo nilipoelezwa utaratibu wa pale. Machimbo yakipata msiba, injini zote zinazimwa. Hakuna kusaga mawe, hakuna winchi ya mashine, hata redio za vibandani zinanyamazishwa mpaka marehemu azikwe. Wanaona kumpigia kelele aliyekufa ni kumtukana. Ni desturi nzuri na mimi mwenyewe ningeisifu, siku nyingine, mahali pengine. Msiba ukishatangazwa, wangezima jenereta, wangeinamisha vichwa, na wangeendelea kuchimba kwa heshima na kwa jembe, kutafuta miili. Wangemwua mume wangu kwa adabu.

Nilimwambia mwenyekiti. Alikuwa mtu mwema, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba wanaume wanaochimba wamechoka, udongo unawatishia na wao, na kwamba tangu ajali hakuna hata sauti moja iliyosikika kutoka chini. Akasema hatatangaza yeye. Anamsubiri baba mzazi, yuko njiani kutoka Tukuyu, na akifika ndiye atakayetamka. Baba akitamka, wanawake wanaanza kilio, na kilio kikishaanza hakuna wa kukirudisha. Mwenye duara alikuwa amesimama nyuma yake anatikisa kichwa kukubali. Jenereta ilikuwa yake na dizeli ilikuwa yake, na nilimwona jinsi heshima kwa wafu ilivyokuwa inamfaa.

Mama yake Mbena alikuwa anapiga simu kutoka Njombe. Barabara kwao ilikuwa imekatika kwa mvua. Kila akipiga alikuwa anauliza jambo moja, kama watu wameshaanza kulia. Nikamwambia bado. Akasema basi na yeye hatalia.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyetangulia kufika. Alikuwa analia tangu barabarani, nilimsikia kabla sijamwona, khanga kichwani, mikono juu. Wanawake waliokuwa chini ya turubai walianza kunyanyuka kumpokea, na vifua vyao vilikuwa vimeshajaa tayari kumwitikia. Nilikimbia. Nilimkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikamziba mdomo. Alining'ata. Sikuuondoa mkono. Nilimwambia sikioni kwamba akilia wanazima mashine, na wakizima mashine mdogo wake anakufa maji. Alinitazama kama anayemtazama kichaa, lakini alinyamaza, na wale wanawake wakakaa tena, wakiwa wameudhika. Mpaka leo wifi hajanisamehe kuzibwa mdomo mbele za watu. Sijamwomba anisamehe.

Kisha wakasema mzee anakuja.

Wanawake walinizunguka haraka kunificha, walijua mila. Walinisukuma nyuma ya kibanda kilichozungushiwa viroba, wakanifunika khanga kichwani mpaka machoni. Nilisimama pale natazama miguu yangu yenye tope. Nikasikia bodaboda inazima. Nikasikia viti vinavutwa, watu wananyanyuka, mwenyekiti anatoa pole. Alimweleza mzee yote, kwa utaratibu, bila kumficha kitu isipokuwa kimoja. Hakutaja pampu. Nadhani hakutaka kumbebesha. Akamaliza kwa kusema kwamba wao ni watoto wake, wanasubiri neno lake.

Mzee akakohoa. Kila mtu aliyeolewa kwenye ukoo ule anakijua kikohozi kile. Anakohoa, anavuta kiti, halafu anasema jambo ambalo halibadiliki.

Nilitoka. Sikufikiri, na nikisema nilifikiri nitakuwa najipamba. Nilipita katikati ya viti, khanga ikadondoka, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu, uso kwa uso, na kwa kuwa nililelewa kwamba mkubwa huanzi kumsemesha kabla hujamsalimia, nilipiga goti kwenye tope na salamu ikanitoka kwa lugha ya mama yangu.

"Kamwene, baba."

Mzee aligeuza uso kwa haraka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kwa mara ya kwanza niliona shavu la baba mkwe wangu kwa karibu, na lilikuwa shavu la mume wangu, lile lile, limezeeka tu. Nikaendelea, kwa Kiswahili sasa, kwa hasira na si kwa woga.

"Ukitamka, wanazima ile mashine. Wakiizima, maji yanapanda kule aliko. Kama mwanao amekufa, kelele haitamwongezea kitu. Kama yu hai, ni wewe utakuwa umemzika. Mimi sijafiwa. Mwambie atakayetaka kulia aende akalie kwao."

Mzee alikuwa ametazama pembeni, upande wa barabara, mikono yote miwili juu ya fimbo. Mwenye duara alianza kusema kwamba mama amechanganyikiwa, apelekwe akapumzike. Mzee alinyanyua kidole kimoja na yule akanyamaza. Kisha akazungumza, na hakuzungumza na mimi. Alizungumza na kiti cha plastiki kilichokuwa mbele yake, kitupu.

"Mwambieni huyo mwanamke nimemsikia. Na huyo mwenye mashine mwambieni akiigusa, ataniondoa mimi kwanza."

Alinyanyuka, akakibeba kile kiti mwenyewe akiwakatalia waliotaka kumsaidia, akavuka kamba, akaenda kukiweka pembeni mwa jenereta. Akakaa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na tai, na moshi wa dizeli ulikuwa unampiga usoni, hakusogea. Na mimi nikaenda kukaa kwenye gunia langu, upande wa pili, nikimpa mgongo. Jenereta ilikuwa katikati yetu. Hatukuonana wala hatukusemeshana, na mila haikuvunjika tena zaidi ya nilivyokuwa nimeshaivunja.

Sijawahi kukaa na mtu vile. Tulikaa mchana kutwa. Mama wa jikoni alileta uji, akampa yeye upande wake na mimi upande wangu. Dizeli ilipopungua, mzee aliulizia hewani kama kuna mtu atakayeleta nyingine, na nikamsikia mwenye duara anatuma watu. Waliokuwa wanachimba walikuwa wanapanda kupumzika, wanatukuta pale wawili tumepeana mgongo, wanacheka kidogo kwa uchovu, na wanashuka tena. Nadhani waliona aibu kuchoka mbele ya mzee aliyevaa tai.

Jua lilikuwa limeanza kulegea fundi wa pampu alipokuja mbio. Waliokuwa chini wanasema wamefika kwenye udongo mlaini, na mmoja anahisi amesikia kitu, lakini mngurumo unashuka mpaka huko, hawawezi kuhakikisha. Walitaka jenereta izimwe kwa muda mfupi ili wasikilize. Wasiposikia, hawajui watoboe kulia au kushoto, na wakikosea wanaweza kuangusha udongo uliobaki juu ya hao wanaowatafuta.

Nilihisi dunia inanicheka. Nilikuwa nimeziba midomo ya watu, nimevunja mila za watu, nimewaudhi waliokuja kunifanyia wema, yote ili kitu kile kisizimwe, na sasa uhai wenyewe ulikuwa unaomba kizimwe. Fundi alikuwa anamtazama mzee, kwa kuwa mzee ndiye mwanaume. Nilisikia kiti kinasogea. Nilipogeuka nikakuta baba mkwe amesimama, amezunguka jenereta, na ananitazama. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi.

"Unasemaje?" aliniuliza. Si ukuta, si kiti. Mimi.

Nilimwambia wazime, lakini fundi asiondoe mkono kwenye swichi, na nikisema washa, wawashe hata kama hawajamaliza. Mzee akamgeukia fundi, akamwambia nilivyosema mimi ndivyo.

Ikazimwa. Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko kelele. Chini ya turubai mwanamke mmoja alidhani msiba ndio umetangazwa, akavuta pumzi ya kuanza kilio, na safari hii ni wifi yangu aliyemziba mdomo. Nilisikia maji yanadondoka mahali. Halafu, kutoka kwenye mpira mweusi wa hewa ambao mwisho wake hakuna aliyeujua, kwa kuwa sasa hakukuwa na upepo unaoujaza, ikaja sauti ya kitu kigumu kinagonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

"Washa," nikasema.

Walimtoa mume wangu wakati bado kuna mwanga. Alikuwa mweupe kwa udongo, mguu umevunjika, midomo imepasuka, na alipofunguliwa kamba alifunika macho kwa mkono akauliza ni nani ameongeza upepo, maana chini kulikuwa na baridi. Nilimpiga kofi la bega. Ndiyo salamu niliyompa.

Mbena hakutoka naye. Alikuwa amelaliwa na magogo tangu mwanzo, mume wangu alikuwa amemshika mkono mpaka mkono ukawa wa baridi, na baadaye aliendelea kuushika kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika. Nilimpigia mama yake mimi mwenyewe. Sikumwachia mwenyekiti. Nilimwambia mama, sasa. Kisha nilienda kwenye jenereta na nikamwambia fundi azime, na walipokuwa wamezima zote, machimbo mazima, nilikaa chini nikamlilia yule kijana kwa sauti yangu yote. Nilikuwa nimeizuia kwa watu wote, na kwangu mwenyewe, na haikuwa imepungua hata kidogo. Wale wanawake niliowaudhi walikuja wakalia na mimi.

Yalisemwa mengi baadaye. Kwamba niliwadhalilisha wazee. Kwamba mwanamke wa Kihehe haoleki. Shangazi mmoja wa mume wangu alidai nipeleke jogoo kwa mzee kusafisha nilichofanya, nikamwambia jogoo wangu wanataga. Mume wangu alikuwa kitandani na mguu wenye chuma, alicheka mpaka akalia kwa maumivu. Hajarudi machimboni. Akianza kutazama upande wa Chunya, namwekea sare za kushona vifungo.

Mguu ulipopona kidogo tulienda Tukuyu. Nilitumwa kisimani, na nikiwa narudi na ndoo kichwani, kwenye kijia cha katikati ya migomba, nikamwona baba mkwe anakuja na fimbo yake. Nilisimama. Nilikuwa sijaamua kama nitapisha. Nilikuwa bado nasita, ndoo inanimwagikia shingoni, nilipomwona yeye anatoka njiani. Aliingia migombani na viatu vyake, akanipa mgongo, akanyooka kama mtu anayekagua mkungu.

Nikapita. Nilipomfikia usawa wake, alikohoa, na akauambia mgomba, kwa lafudhi mbaya kabisa ya mtu aliyejifunza ukubwani:

"Kamwene."